Tafiti Sita Zisizoonekana

Mkutubi wa chuo cha udaktari alipewa kazi ambayo wenzake waliikimbia: kulinganisha majarida mawili ya utafiti, miaka kumi nyuma, aone kila moja limechapisha nini na limeacha nini.

"Ni kuhesabu tu, mama," profesa aliyempa kazi hiyo alimwambia. "Wiki mbili umemaliza."

Wiki ya pili akafika kwenye dawa moja ya mapigo ya moyo, akasita. Kwenye orodha ya bodi inayosajili tafiti za dawa, zilizoandikishwa zilikuwa kumi na tano. Majarida yalichapisha tisa, na zote tisa ziliimwagia dawa sifa. Sita hazikuonekana popote. Alipekua upya mpaka macho yakamuuma. Wapi!

Dawa hiyo dada yake mkubwa alikuwa akiimeza kila asubuhi.

Akampigia simu daktari mstaafu aliyeongoza mojawapo ya zile sita.

"Utafiti tuliusimamisha katikati," mzee akasema. "Wagonjwa walikuwa wakianguka. Saba hawakuamka."

"Mbona hamkuchapisha?"

"Tuliandika, binti yangu. Jarida la kwanza likasema hakuna jipya. La pili mpaka leo halijajibu."

Mkutubi akashika njia bila kuaga mtu. Alimkuta dada yake jikoni, ameng'ang'ania ukingo wa meza, anajichekesha.

"Usinikodolee macho, mdogo wangu. Kizunguzungu tu. Cha tatu wiki hii."

Saa moja baadaye walikuwa mbele ya daktari wa moyo. Aliisoma mara mbili karatasi ambayo mkutubi aliorodhesha zile tafiti sita, akavua miwani.

"Mimi nilisoma zile tisa," alisema kwa sauti ya chini. Akaisimamisha dawa palepale, akamlaza dada wodini.

Dada alipata nafuu. Ila ripoti ya profesa ilipotoka, jedwali la dawa hiyo lilikuwa na tafiti tisa tu. Mkutubi alipokwenda kuuliza, profesa alifunga mlango kwanza.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Daktari mmoja."

"Basi yaishie hapo."

Hayakuishia hapo. Kesho yake alituma nakala za karatasi ile kwa madaktari wa moyo ishirini na mmoja. Mpaka mwisho wa mwezi walikuwa wamemjibu wawili tu, na kila mmoja aliuliza neno lilelile: chuo kimejua tangu lini?