Jiwe la Blandine

"Na lile jiwe lako, Bwana Teyssonnier?" mwendesha mashtaka alimuuliza baba. "Nalo ulilipima kwa asidi hiyo hiyo?"

Mahakama nzima ya Riom, Ufaransa, iligeuka kumtazama baba. Mjomba Hippolyte, aliyekuwa ameketi kando yangu, alifumba macho kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mimi sikuyafumba yangu. Nilitaka kuona.

Baba yangu, Gaspard Teyssonnier, alikuwa mkemia na mtaalamu wa madini katika mji ambao watu wake walijua mawe ya aina mbili tu: ya kujengea na ya kujikwaa. Mama yangu, Blandine, alipofariki, baba alikosa usingizi na maneno. Akawa anapanda vilima peke yake, nyundo mkononi, akirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Majira ya kuchipua yaliyofuata, ndani ya mgodi wa madini ya risasi uliokwisha kuachwa, alivunja mwamba akakuta fuwele za kijani kama chipukizi la mzabibu. Akazipima. Ndani yake mlikuwa na aseniki, ile sumu, iliyochanganyika na risasi na fosforasi kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichoitaja. Lilikuwa jiwe jipya duniani, na aliyeligundua ndiye mwenye haki ya kulipa jina.

Akaliita blandinaiti.

Siku alipoliandika jina hilo kwenye kibandiko, alikula chakula chote kilichokuwa kwenye sahani yake, mara ya kwanza tangu mazishi. Wataalamu wa Paris walimsifu. Chuo kimoja huko kikamdokezea kwamba kiti cha ualimu kingekuwa wazi karibuni. Mjomba Hippolyte, mdogo wake mama, alikuwa na duka la dawa, akaweka kipande cha jiwe dirishani, katikati ya chupa za dawa ya kikohozi, na kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Unamwona yule pale? Dada yangu."

Kisha akafa Barthomeuf, mume wa Philomène muuza jibini wa sokoni kwetu, baada ya kunywa supu na kutapika usiku kucha. Mume huyo alikuwa mlevi mwepesi wa kupiga, na majirani walishawahi kumsikia mkewe akimwombea kifo. Mabaki ya supu yaliletwa kwa baba ayapime. Kipimo chenyewe si kigumu kueleza: unachanganya kitu na asidi na zinki, mvuke unapita kwenye bomba la kioo lililopashwa moto, na kama mna aseniki, doa jeusi linalong'aa linabaki kiooni. Doa lilibaki. Philomène akafungwa, na watu wakaanza kuizungumzia gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, kama watu wazungumziavyo mvua inayokuja.

Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, na mimi ndiye niliyeosha vyombo vya maabara. Siku moja kabla ya kesi, asubuhi, baba alitaka kuandaa bomba la pili la kuwaonyesha wazee wa baraza: bomba safi, lililopimiwa maji matupu ya mvua, ili waone tofauti kwa macho yao wenyewe. Akawasha moto. Tukasubiri.

Doa likatokea.

"Hukuosha vizuri," aliniambia.

"Nimeosha, baba."

Aliosha yeye mwenyewe, akarudia. Doa lilelile. Akaitazama chupa kubwa ya asidi, ambayo tulikuwa tukiitumia tangu mama alipokuwa hai, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameiamini kama mtu anavyoiamini sakafu ya nyumba yake. Akanituma kwa mjomba kuomba asidi safi, ile ya kutengenezea dawa. Maji ya mvua: hakuna doa. Supu ya Barthomeuf: hakuna doa. Yule mtu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo tu.

Nilishusha pumzi. Nilidhani tumemaliza. Lakini baba alikwenda kabatini, akatoa fuwele ya kijani, akaiweka kwenye kinu na kuanza kuisaga.

"Baba, hakuna aliyekuomba hilo."

"Shika bomba, Noémie."

Kioo kilibaki cheupe. Jiwe letu lilikuwa fosfati ya risasi ya kawaida, inayojulikana na kila mwanafunzi. Aseniki yake yote ilitoka kwenye chupa.

Mjomba alikuja alasiri, akaelezwa, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Shemeji, sikiliza. Sema supu ilikuwa kidogo mno. Sema huna uhakika. Yule mama ataachiwa, na dada yangu atabaki na jiwe lake. Kwani lazima uitaje asidi?"

"Wataniuliza kwa nini sina uhakika."

"Danganya kidogo! Wewe ni wa kwanza?"

"Hippolyte," baba alisema taratibu, "Blandine angeweza kuishi na mimi nikiwa nimekosea. Nikiwa mwongo, angekwenda kwa mama yake."

Mjomba alicheka bila kutaka, kisha akalia, akisema dada yake alikuwa hivyo hivyo kweli, mwenye kichwa kigumu.

Basi tukafika pale mahakamani, kwenye swali lile. Mwendesha mashtaka alikuwa ameona kesi yake ikimponyoka, akatafuta pa kuuma. Baba alisimama wima, ndani ya koti lake la arusi lililokuwa limembana mabegani.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na jiwe pia. Nimelipima upya. Blandinaiti haipo."

"Kwa hiyo mkemia maarufu alikosea mara mbili?"

"Nilikosea mara moja. Sikuipima asidi. Mengine yote yamezaliwa na hilo. Naomba mama huyu asiuawe kwa kosa langu."

Wengine walicheka. Mimi nilikaa pale nikahisi mgongo wangu ukinyooka wenyewe, kama mtu anayetajwa jina mbele ya watu.

Philomène aliachiwa. Kutoka Paris hakuja mtu kuzungumzia kiti cha ualimu tena. Mjomba alilitoa jiwe dirishani, na baba alifundisha mjini kwetu hadi nywele zilipomwisha.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumamosi ya soko, wiki chache baada ya hukumu. Philomène alikuwa amerudi na meza yake ya jibini. Wanawake walipita kwa mbali, vikapu vyao upande wa pili. "Kabla ya kuonja, sema kwanza nani atarithi ng'ombe wako!" mmoja alitania, na wenzake wakaangua kicheko. Philomène alijifanya anapanga upya jibini zilizokwisha kupangwa.

Baba alikwenda moja kwa moja hadi mezani pake. Alivua kofia, akamsalimu, "Hujambo, Bi Barthomeuf," akachagua jibini, akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akakata kipande kinene. Soko zima lilikuwa likitazama. Alikitafuna polepole, amesimama, kofia chini ya kwapa.

"Imezidi chumvi kidogo," alisema.

"Ni ya mlimani, bwana. Ndivyo zilivyo," Philomène alijibu.

Nilisogea kando ya baba, nikanyoosha mkono.

"Nami nikatie," nikasema.