Korido Iliyojua Ukwe

Ijumaa, jua likiwa bado juu kidogo ya milima, Mzee Manasseh Anyona alipewa chumba cha ghorofa ya pili katika lojingi moja ya mjini Kisii, kwenye mteremko ulio nyuma ya soko. Mwenye lojingi, mjane aliyeitwa Kinsi, alimkabidhi ufunguo uliofungwa kwenye jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago, lenye ukubwa wa ngumi, ili wageni wasisahau na kwenda nao makwao. Alimwonyesha taulo, kipande cha sabuni na slipa mbili, zote za mguu wa kushoto. Televisheni ilikaa ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, ikionyesha mpira bila sauti.

"Maji moto ni asubuhi, yanakuja na ndoo," Kinsi alisema. "Choo na bafu ziko mwisho wa korido. Hiyo korido hujikunja saa zingine. Ikijikunja wewe simama kidogo tu, itanyooka."

"Na taa?"

"Taa ndiyo shida. Ukizima yako, ya jirani pia inazimika."

Manasseh alishukuru. Alikuwa mkulima wa chai kutoka Ikonge, mtu wa koti moja zuri na viatu anavyopaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, na hakuona haya kulala mahali pa bei nafuu maadamu shuka ni safi. Shuka zilikuwa safi, zimepigwa pasi hadi kwenye pindo. Alikuwa amekuja kwa harusi ya Duke, mwanawe wa pekee, ambayo ingefungwa Jumapili katika kanisa moja la Suneka. Baba wa bwana harusi halali kwa wakwe, kwa hiyo Duke alimtafutia lojingi. Duke mwenyewe na marafiki zake wa Nairobi walikuwa katika hoteli kubwa yenye bwawa la kuogelea. Wazee, alisema, hawapendi kelele.

Jengo lile lilijengwa na marehemu Abdirahman, mumewe Kinsi, aliyekuwa muuza nguo. Hakulijenga na korido ya kujikunja. Lakini kwa miaka mingi waliolala humo walikuwa wakwe watupu, watu walioteremka kutoka Nyamira na kwingineko kwa ajili ya harusi na mazishi, ambao desturi haikuwaruhusu kulala kwa wenyeji wao. Mama mkwe hapaswi kumkuta mume wa binti yake akitoka kuoga. Baba mkwe hamshiki mkono mke wa mwanawe, wala hawapishani mahali pembamba. Heshima hiyo Wakisii huiita chinsoni. Nyumba iliwatazama watu wakirudi nyuma ghafla, wakigeukia ukuta, wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni hadi mwenzao apite. Mwishowe ikaanza kuwasaidia. Mkwe mmoja akitokea huku na mwingine kule, korido ilikunja kona katikati yao, na kila mmoja akafika alikokuwa akienda bila kumwona mwenzake. Fundi aliyeitwa kulipima jengo alipima, akapima tena, akaandika kwamba linahitaji rangi.

Jumamosi asubuhi Manasseh, aliyekuwa Msabato, alitoka kwenda kuoga kabla ya kwenda kanisani. Alipofika katikati ya korido alisikia slipa za mtu na ndoo ikigonga ukuta, na sauti ya mwanamke kijana akiimba taratibu. Korido ikajikunja. Manasseh akajikuta anatazamana na ukuta wa kijani. Slipa zikapita upande wa pili, korido ikanyooka, naye akaenda kuoga. Wakati wa kurudi mambo yakawa yale yale. Aliposhuka kwenda kunywa chai, ngazi nazo zikazunguka naye mpaka mwanamke yule alipomaliza kupanda.

"Mama," alimwambia Kinsi, "kuna mtu humu ndani ambaye nyumba inanificha nisimwone."

"Ni Lavender huyo. Ndiye anafua shuka na kupiga pasi."

"Mimi sina mkwe hapa. Kijana wangu anaoa kesho."

Kinsi alikuwa akimimina chai. Hakuacha kumimina. "Uko na vijana wangapi, mzee?"

"Mmoja."

"Basi ni wa huyo," alisema, akamsogezea mandazi.

"Nyumba inaweza kukosea."

"Iliwahi kumficha mwinjilisti fulani asionane na mama wa msichana mmoja, tukasema imekosea." Kinsi aliweka birika chini. "Haikuwa imekosea."

Manasseh alikwenda kanisani, akaimba, akasikiliza mahubiri bila kuyasikia. Aliporudi mchana alikaa kitandani, viatu amevipanga kando. Mlango ukagongwa. Alikuwa msichana mdogo asiye na meno ya mbele. Alikuwa ameufikia mlango wa Manasseh kwa hatua chache tu, kwa maana kati ya babu na mjukuu hakuna ukuta, bali kuna utani, na nyumba ililijua hilo pia. Kwa mtoto yule korido ilifupika.

"Nimeulizwa kama mzee anataka chai," msichana alisema.

"Nani amekutuma?"

"Mama. Yeye hawezi kuja, nyumba inakataa."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Mokeira."

Mokeira lilikuwa jina la mke wa Manasseh, ambaye alikuwa amezikwa Ikonge, kando ya migomba, kabla Duke hajapata kazi.

"Jina hilo ulipewa na nani?"

"Na mama. Ni la nyanya yangu mwenye chai nyingi. Alishakufa. Wewe ulikuwa unamjua?"

"Nilimjua. Nilimuoa."

Msichana alimkagua kuanzia soksi hadi mvi. "Kumbe mimi ndiye bibi yako."

"Wewe ndiye bibi yangu."

"Ninunulie viatu basi."

"Bibi yangu wa kwanza hakuwa wa kudai vitu hivi."

"Huyo hakuwa mwerevu," alisema Mokeira, na Manasseh akacheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka hivyo tangu mazishi.

Kicheko kilipokwisha, sauti ilisema kutoka nyuma ya ukuta, "Baba, anakusumbua?" Ukuta ule ulikuwa wa mawe. Saa hiyo ulikuwa mwembamba kiasi cha kupitisha sauti bila kupitisha macho.

"Hanisumbui, mwanangu. Umeshindaje?"

"Nimeshinda vizuri, baba. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Kwenu ni wapi?"

"Sironga."

Akamweleza yote, kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo. Aliishi na Duke Nairobi, nyumba moja, majirani wakimwita mke wa Duke. Duke aliahidi kwamba Disemba watakwenda Ikonge na kisha Sironga. Alipomwambia ana mimba, Duke alipata safari ya kikazi, na simu yake haikupatikana tena. Lavender alirudi kwao, wakamsema, akatafuta kazi ya kufua.

"Mbona hukuja kwangu?" Manasseh aliuliza.

"Nije niseme mimi ni nani, baba? Mke hupelekwa na mumewe."

Manasseh alisogea karibu na ukuta.

"Lakini leo asubuhi," Lavender alisema, "nilikuwa nimebeba ndoo, na korido ikanifungia njia. Nimekaa humu siku nyingi nikiona inavyofanyia wengine. Mimi haikuwahi kunifanyia. Nikaweka ndoo chini, nikajua wewe umefika. Nilifurahi sana, baba. Hakuna mtu alikuwa amenificha kwa heshima namna hiyo."

Jumapili asubuhi Duke alikuja kumletea baba yake tai inayofanana na za wasimamizi. Alipanda ngazi akiwa amevaa suti, akaingia korido, akafungua mlango aliodhani ni wa baba yake. Kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Lavender alikuwa amesimama na pasi mkononi. Nyumba haikuwa na sababu ya kumficha mume asimwone mkewe.

"Habari yako, dada," Duke alisema, akafunga mlango.

Alirudi nyuma, akapinda kushoto, akafungua mlango mwingine. Lavender alikuwa akikunja foronya. Duke akaomba radhi. Alishuka ngazi kutafuta njia ya kutoka, ngazi zikampeleka kwenye chumba kile kile, na safari hii Mokeira naye alikuwepo, amekaa juu ya rundo la mashuka, akimtazama.

"Huyu ni nani?" Mokeira alimuuliza mamake.

"Mgeni," Lavender alisema. "Amepotea njia."

Duke alifungua dirisha, akatoka kupitia paa la mabati la jiko, suti na yote. Kinsi alikuwa uani akianika taulo. Alimsogezea ngazi ya mbao, akasema kwamba wapo wengine hutoka kwa dirisha.

Manasseh alimkuta mwanawe uani akijipangusa masizi.

"Umewaona?"

"Nani, baba? Hii nyumba ni ya zamani tu, haina plani. Nilikwambia ungekuja ile hoteli yetu."

"Hukuniambia."

"Vaa tai, tumechelewa."

Kanisani Suneka watu walijaa mpaka nje. Mchungaji alipofika pale pa kuuliza kama kuna mwenye neno la kuzuia ndoa ile, Manasseh alisimama. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Mwanangu ana mke," alisema, "na mtoto wa kike."

"Kuna cheti, mzee?"

"Hakuna."

"Shahidi?"

"Korido ya lojingi ya Kinsi."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa viti vya nyuma alisema kwa sauti, "Kama ni korido hiyo, basi ni kweli," na wengine wakaitikia kwa kichwa. Baba wa bibi harusi, ambaye alikuwa amelala humo alipomwoza binti yake mkubwa, alitazama viatu vyake. Mchungaji naye alikuwa amewahi kulala humo. Alisema kwamba yeye binafsi anaamini, na hata angeshangaa kama si kweli, lakini sheria inataka karatasi, na korido haiwezi kuletwa mbele ya madhabahu. Alimshukuru mzee kwa uaminifu wake, akamwomba aketi. Harusi ikaendelea. Kwaya iliimba vizuri, na nyama ilitosha kila mtu.

Wakati wa kupiga picha, bibi harusi, ambaye alikuwa amelelewa mjini, alimkumbatia Manasseh mbele ya watu wote. Manasseh alisimama akingoja ukuta uingie kati yao. Ukuta haukuja. Bibi harusi alikuwa msichana mpole, na Manasseh hakumlaumu.

Jioni alirudi lojingi, ingawa Duke alikuwa ameagiza gari la kumpeleka Ikonge. Chakula kilikuwa tayari. Lavender alikuwa amepika ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya mgagani, kama mkaza mwana anavyompikia baba mkwe, na Mokeira akaleta sahani moja moja.

"Ilikuwaje, baba?" sauti iliuliza ukutani.

"Nilisema. Waliniamini wote."

"Na wakafunga?"

"Wakafunga."

Alisikia maji yakikamuliwa kwenye nguo, kwa muda. "Asante kwa kusema," Lavender alisema.

"Twende Ikonge, mwanangu. Shamba lipo. Nitakujengea."

"Nikija peke yangu nitakuwa mgeni, baba. Watu watauliza. Hapa hakuna anayeuliza."

Manasseh alilifikiria neno hilo kwa muda wa kula sahani nzima, akaona ni la kweli. Tangu hapo, kila alipomaliza mavuno, alishuka Kisii kulala kwa Kinsi, ingawa hakukuwa na harusi wala msiba. Alileta ndizi, na kilo moja ya chai aliyoichuma mwenyewe, na mara moja viatu vyeusi vya shule. Asubuhi alitoka taratibu kwenda kuoga, na aliposikia ndoo ikigonga ukuta alisimama, akavua kofia, korido ikajikunja mbele yake. Alishukuru kila mara. Aliwaambia watu wa Ikonge kwamba hajawahi kulala mahali penye adabu kama pale, na kwamba slipa bado ni za mguu mmoja.

Mwaka uliofuata Duke alipata mtoto wa kike. Alimpigia baba yake simu usiku huo huo kumpa habari njema, kwamba amempa mtoto jina la marehemu mama.

Manasseh alishuka kwa Kinsi kesho yake. Hakutaka Lavender na mwanawe walisikie jambo hilo kwa mtu mwingine. Nyuma ya ukuta Lavender akaomba Mungu amkuze huyo mtoto. Mokeira alikuwa amekaa kitandani karibu na babu yake, akimenya ndizi.

"Anaitwa Mokeira kama mimi?"

"Kama wewe."

"Sasa tuko wawili?"

"Mko wawili," Manasseh alisema. "Wewe ndiye mkubwa."