Faili la Bibi Vrana

Jumatatu ya pili ya Agosti, Darla Kucera alifungua kabati la chuma nyuma ya dawati lake akakuta pengo. Kati ya faili la Turek na faili la Wade palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Faili la Vrana halikuwepo.

Kabati lile lilikuwa na funguo mbili tu duniani. Mmoja alikuwa nao yeye, mhasibu mkuu wa Chuo cha Harlan Fork kule Nebraska. Wa pili alikuwa nao bosi wake, Kendrick Ostrander, aliyeletwa kutoka Chicago mwezi Januari kusimamia fedha za chuo. Darla alivuka ukumbi akagonga mlango wake.

"Bwana Ostrander, umechukua faili la Vrana?"

"La Vrana?" Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Kwani unalihitaji leo?"

"Wakaguzi wanakuja baada ya wiki tatu."

"Basi lina wiki tatu za kuonekana."

Darla alirudi kitini akawa anatafuna kalamu. Mtu ambaye hajachukua kitu husema hajachukua. Huyu hakusema.

Alikuwa na sababu ya kuhofu. Mwaka ule kanuni za uhasibu zilikuwa zimebadilika. Zamani fedha za chuo zilikaa katika mafungu matatu: za kutumia, za kusubiri wakati wake, na za wakfu, ambazo mtaji wake hauguswi milele. Kanuni mpya ziliunganisha mafungu mawili ya mwisho yakawa moja. Darla alisoma waraka ule mara tatu, na kila mara alijiuliza kitu kilekile: vyungu viwili vikimiminwa katika kimoja, nani atajua kilichochotwa kilitoka wapi?

Na bosi alikuwa na haja ya kuchota. Kila mwaka serikali kuu ya Washington huvipima vyuo binafsi kwa hesabu zao na kuvipa alama. Ukipata moja na nusu au zaidi, umepona. Ukishuka, unaweka dhamana benki, ama wanafunzi wako wanakosa mikopo na ruzuku ya serikali. Kwetu Harlan Fork wanafunzi tisa kati ya kumi walisoma kwa fedha hizo, na mwaka uliotangulia tulipata moja nukta sita. Tulikuwa ukingoni. Mfuko wa Bibi Otilie Vrana, mjane aliyeuza shamba lake la mahindi mwaka themanini na saba akatoa dola laki sita na arobaini elfu kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi, ndio uliokuwa mnono kuliko yote.

Darla akaanza kumchunguza bosi wake. Ostrander, aliyezoea kula na wenzake kantini, sasa alikula ofisini mlango ukiwa umefungwa. Mashine ya nakala ilionyesha kwamba Jumamosi, siku ambayo jengo huwa tupu, kuna mtu alitoa kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kisha Alhamisi Ostrander alimfuata Darla kwenye birika la kahawa.

"Hivi, Darla, mwaka tisini na saba ulikuwa ukitia saini mwenyewe?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza naanza kazi. Nilitia saini nilipoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na Merle."

"Mm," alisema Ostrander, akaondoka na kikombe kitupu.

Merle Haskamp alikuwa mweka hazina wa chuo kwa miaka thelathini na moja kabla hajastaafu. Ndiye aliyemfundisha Darla kazi, na ndiye aliyemshika mkono kanisani siku ya harusi yake, maana baba yake alikwisha kufariki. Jioni ile Darla alimpigia simu.

"Merle, huyu bwana mpya ananitia wasiwasi. Anachokonoa mambo ya kale, anajifungia ofisini, haniambii kitu."

"Watu wa Chicago hao, binti yangu. Wanakuja, wanafagia, wanaondoka, nyie mnabaki na vumbi. Usimsaidie. Akikubana, mwambie lile faili liliharibika kwenye mafuriko."

"Faili lipi?"

"Hilo la Vrana."

"Sijakutajia faili, Merle."

Upande wa pili televisheni ilisikika ikitangaza bei ya ng'ombe.

"Umetaja," alisema hatimaye. "Unachoka, Darla. Nenda kalale."

Hakuwa ametaja. Na mafuriko ya mwaka elfu mbili na kumi na moja yaliingia maktaba, chumba cha chini. Ofisi ya fedha iko ghorofa ya pili. Darla aliitazama simu mkononi kama kitu alichookota njiani.

Kesho yake Ostrander alitoka kwenda kuonana na rais wa chuo. Darla alihesabu hadi mia moja, akaingia ofisini mwake. Alijiona mwizi, yeye ambaye hajawahi kwenda nyumbani hata na kalamu ya chuo. Hakuhitaji kutafuta. Faili lilikuwa juu ya meza, chini ya gazeti. Ndani, juu ya kurasa za manjano, kulikuwa na karatasi saba za uhamisho wa fedha za mwaka tisini na saba na tisini na nane. Kila moja ilikuwa na herufi mbili pembeni, D.K., zimezungushiwa wino mwekundu.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?"

Ostrander alikuwa mlangoni. Alifunga mlango nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyechukua," alisema Darla. "Unataka kuutumia mfuko wa Bibi Vrana, kisha unitupie mimi lawama!"

"Mimi?" Ostrander alicheka kicheko kikavu. "Mama, mfuko huo uliliwa kabla sijamaliza shule ya sekondari. Laki nne na elfu kumi. Na aliyetia saini ni nani? Hebu nisomee hizo herufi."

Darla alikaa bila kukaribishwa.

Ostrander alibaki wima. Alieleza taratibu, huku akimkazia macho kama anayesubiri ajikanyage. Kanuni mpya hazikuunganisha mafungu tu. Ziliamuru pia chuo kitaje mifuko ya wakfu iliyopungua chini ya kiasi alichotoa mfadhili. Zamani lile pengo lilifunikwa kwa mstari mmoja, "uwekezaji wa muda mrefu". Alipoufuata uwekezaji huo, alikuta ni chuo kimejikopesha chenyewe, fedha zikalipa mishahara, na hazikurudi.

"Tangu Juni nilijua ni wewe," alisema. "Nilikuwa nasubiri ulifiche faili, nikushike. Hukulificha. Ndipo nikalichukua mwenyewe."

"Na mimi nilijua ni wewe."

"Sasa unajua nini?"

Darla alichukua mkoba wake akateremka ngazi.

Merle alikuwa nyuma ya nyumba yake akirekebisha mashine ya kukatia nyasi. Alipomwona Darla, alifuta mikono kwa kitambaa polepole, kidole kimoja kimoja.

"Amekuonyesha," alisema.

"Uliniambia ni uwekezaji. Nilikuuliza, Merle. Nakumbuka nilikuuliza, ukaniambia, 'Tia saini, binti, benki inafunga saa tisa.'"

"Mwaka ule serikali ndiyo kwanza imeanzisha zile alama zake. Tungeanguka. Wanafunzi wangekosa mikopo, Septemba tungefunga milango. Ulitaka nifanye nini? Hebu nitazame. Nimekula nini mimi? Lile gari langu lina miaka thelathini! Nililipa mishahara ya watu. Na wako ukiwemo."

"Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanane kwa mwaka. Sasa tunasomesha wawili. Miaka yote hii nikidhani ni soko la hisa lililoupunguza mfuko."

"Nilikusudia kurudisha."

"Kwa nini herufi zangu, Merle? Kwa nini si zako?"

Aliinama kwenye mashine yake. Swali hilo hakulijibu siku ile, wala hakulijibu mpaka alipokufa. Alisema tu, "Ukinyamaza, nitakwenda kaburini na jambo hili na hakuna atakayeumia."

Darla aliendesha gari hadi barabara kuu akasimama pembeni, kati ya kuta mbili za mahindi. Alilia. Kisha akaanza kufikiri kama mhasibu. Akinyamaza, atakuwa ametia saini mara ya nane.

Wakaguzi walipofika kutoka Omaha, aliwakabidhi maelezo ya kurasa nne aliyoyaandika kwa mkono wake, mwanzo hadi mwisho, jina la Merle na lake mwenyewe yakiwemo. Ostrander aliyasoma kwanza. Aliyasoma mara mbili, akauliza tarehe mbili, akaenda kuzihakiki benki kabla ya kuyapitisha. Darla hakumlaumu.

Gharama ilikuwa kubwa. Deni lilipoandikwa waziwazi, alama yetu ilishuka hadi moja nukta tatu. Chuo kiliweka dhamana, timu ya mieleka ikavunjwa, na watu kumi na mmoja walipoteza kazi, wengi wao wakiwa watu aliokuwa akisali nao. Wapo waliohamia benchi jingine kanisani alipoketi. "Alitaka kujisafisha," walisema, "akatuchafua sisi." Wengine walinong'ona kwamba hazikupotea laki nne bali zaidi, na kwamba yeye anajua zilipo. Merle hakushtakiwa, kwa kuwa miaka ilikuwa imepita mno. Bodi ilimwondolea Darla mamlaka ya kutia saini, ikamwacha kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyezielewa zile hesabu.

Mwezi Novemba alikuja Rosalind Vrana, mpwa wa Bibi Otilie na mrithi wake, mama wa miaka sabini na kitu anayefuga ng'ombe kaskazini mwa jimbo. Aliingia chumba cha bodi na buti zake za shamba. Rais wa chuo alimsomea barua nzuri ya kuomba radhi na mpango wa kurudisha fedha kwa miaka kumi. Rosalind alisikiliza hadi mwisho.

"Na hizo za kurudishia," aliuliza, "mnazitoa mfuko gani?"

Watu walitazamana. Rais alianza kusema habari za imani na ushirikiano.

"Nimeuliza mfuko, baba. Sijauliza imani."

Ostrander alifungua mdomo, lakini Darla alikwisha kusimama. "Chuo kinauza nyumba ya rais," alisema. "Na kuna ardhi tunayokodisha kwa wakulima. Hakuna mfuko wa mfadhili hata mmoja unaoguswa."

"Nitajuaje?"

"Kwa kuona."

Rosalind alimpima kwa macho. "Wewe ndiye D.K.?"

"Ndiyo mimi."

"Haya. Nionyeshe."

Wengine walitoka mmoja mmoja kwenda kula. Darla alileta vitabu, akavuta kiti karibu na cha mgeni, wakaanza ukurasa wa kwanza. Rosalind alifuata kila mstari kwa kidole kilichopasuka kwa baridi, na kila walipofika kwenye jumla aliomba kikokotoo akaijumlisha upya mwenyewe.