Uzito wa Upande wa Kushoto

Alasiri ya Jumatatu, fundi aliyeitwa Spana alilishusha gari kutoka kwenye jeki, akarudi nyuma kidogo kulitazama lilivyosimama, akaona limelala kushoto. Springi zote nne zilikuwa mpya, na shokapu alikuwa amezifunga mwenyewe asubuhi ile. Alipima nafasi kati ya tairi na bodi, upande huu na ule. Kushoto palipungua vidole viwili. Akalipandisha tena, akatoa springi za kushoto, akafunga nyingine ngumu zaidi. Alipolishusha, likalala vilevile.

Basi akafungua mlango wa kushoto. Mto wa kiti ulikuwa umetoka kwa mshonaji Jumamosi na hakuna aliyekuwa ameukalia, lakini ulikuwa umebonyea, na mkanda ulikuwa umefungwa. Spana alifuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba," alisema. Kisha akaenda kuzima kompresa, maana ilikuwa imeshajaa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la milango minne, la enzi zile taa zilipokuwa bado za duara na boneti ndefu kuliko haja. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limekaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya baba yake mdogo, kuku wakitaga kwenye buti. Kisha chama cha mbio za magari kikatangaza mbio za magari ya zamani, Jumamosi ya wiki ile, kwa barabara ileile ya vilima ambako gari hili liliwahi kukimbia, na baba mdogo akalivuta kwa kamba hadi gereji ya Spana, kwa sababu mjini hapakuwa na fundi mwingine ambaye kazi yake haikurudishwa. Spana alikata kutu yote akachomelea bati jipya. Aliifungua injini akaifunga upya, akaweka kabureta mbili mahali palipokuwa na moja, akang'oa breki za zamani na kufunga za diski zilizotoka kwenye gari la juzijuzi. Ndani alichomelea kizimba cha mabomba, cha kuwakinga watu gari likipinduka. Siku lilipowashwa, majirani wa mtaa wa pili walifunga madirisha. Lilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kusimama sawa.

Zamani ndugu wawili ndio waliokimbia nalo. Mdogo alikuwa dereva, na mkubwa, baba yake Spana, alikuwa msoma njia: alikaa kushoto na kuita kona kabla hazijaonekana, ili dereva ajue lini akanyage na lini apunguze. Mwaka wa mwisho gari liliacha njia kwenye kona ya daraja, likamgonga mwanamke fundi cherehani aliyekuwa amesimama na wenzake kutazama. Mwanamke alikufa, na baba yake Spana akafa. Waliofika walimkuta marehemu yuko nyuma ya usukani, na mdogo wake amekaa nje kwenye majani, akisema kwamba walikuwa wamebadilishana viti kilometa chache nyuma, kaka ndiye aliyeng'ang'ania. Ikaandikwa hivyo, na mtu akishaandikwa amekwisha.

Tangu hapo mama yake Spana akajulikana kama mke wa yule aliyeua. Kila mwaka, tarehe ileile, huvaa vizuri na kwenda kwa mume wa fundi cherehani kuomba radhi. Mume humpokea mlangoni, humsikiliza hadi mwisho, na humwambia amesikia. Si mkorofi. Ila hajawahi kumpa kiti. Mama wa watu husimama kizingitini na magoti yake mabovu, akimaliza hugeuka akaondoka. Spana, aliyekuwa akimsindikiza tangu utotoni, hakutaka kitu duniani kama alivyotaka mama yake aambiwe karibu ukae.

Ndiyo maana Jumatatu ile, baada ya kuzima kompresa, alikaa juu ya tairi muda mrefu bila kufanya kazi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa imekwenda miaka kumi na tisa bila kuishiwa mafuta.

Kesho yake alimleta mama. Mama aliingiza mkono ndani akapapasa kiti, akasema ni yeye, maana amekalia zaidi nyonga ya kulia, na mgongo ulimsumbua tangu alipoanguka kwenye ngazi. Alimweleza habari za nyumbani: paa limebadilishwa, dada yake amestaafu, jirani mbaya amehama. Halafu akatazama usukani ulivyo mbali na kiti kile, na hasira ikampanda.

"Miaka yote hii nasimama kwenye milango ya watu," alisema, "kumbe wewe uko kushoto."

Mama akafunga mlango, taratibu, kwa mazoea ya mtu aliyekatazwa kubamiza milango ya gari hili.

Baba mdogo alikuja Jumatano. Alisimama upande wa kulia, kama kawaida yake. Tangu gari lifike gereji hakuwa amezunguka upande wa pili hata mara moja. Aliona lilivyolala, akauliza kama springi ni za bandia. Spana alimjibu kwamba springi ni nzima, ila baba yumo ndani. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa matairi yatachelewa, akauliza yumo tangu lini.

"Nadhani hajawahi kutoka," Spana alisema. "Baba mdogo, siku ile nani alikuwa anaendesha?"

"Si nilishasema? Baba yako."

"Mbona amekaa kushoto?"

"Wafu wanakaa wanapotaka."

Walitazamana juu ya paa la gari. Ingekuwa rahisi kama baba mdogo angekuwa mtu mbaya. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha Spana kuendesha, akiwa bado hafikii pedali vizuri. Yeye ndiye aliyekaa naye hospitalini alipovunjika mkono, na ndiye aliyewakemea ndugu waliosema gereji si mahali pa msichana. Spana alimpenda.

Baba mdogo aliagiza kiti kibadilishwe. Alileta kingine mwenyewe, Spana akakifunga, na kabla hajakaza bolti ya mwisho mto ukabonyea na mkanda ukajifunga kwa mlio wake mdogo. Basi baba mdogo akasema kwa sauti ya chini aweke magunia ya mchanga upande wa kulia. Siku ya ukaguzi kila gari hupimwa likiwa tupu, gurudumu kwa gurudumu, na mizani ikisema sawa kwa sawa hakuna atakayeuliza swali. Spana alisema atafikiri.

"Na breki umefunga mwenyewe?" baba mdogo akauliza wakati wa kuondoka.

"Mwenyewe."

"Zitashika?"

"Nikisema zitashika, zitashika, baba mdogo. Mimi siyo wewe."

Spana alifikiri, na alipomaliza kufikiri alikwenda kwa mkaguzi wa chama. Mzee huyu ndiye aliyemtoa baba yake nyuma ya usukani siku ile, na ndiye aliyeandika. Alimsikiliza akiwa anamenya chungwa. Alisema yeye aliandika alichokiona, na Jumamosi ataandika atakachokiona. Mizani ikisema kushoto, atatangaza kushoto mbele ya watu na kumwomba mama yake radhi. Alimkumbusha tu kanuni: kila gari husomwa mara mbili, na inayoandikwa ni ile ya pili, kwa sababu mara ya kwanza springi huwa hazijatulia. Aliahidi kumwita mume wa fundi cherehani aje asikie mwenyewe.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Mume wa fundi cherehani alikuja na shati lililonyooshwa vizuri, akasimama mbali kidogo na mama yake Spana. Walisalimiana kama wanavyosalimiana kila mwaka. Baba mdogo alichungulia kupitia dirisha la kulia, akatafuta magunia ya mchanga sakafuni, hakuyaona. Akamtazama Spana. Spana hakukwepa macho yake. Gari lilisukumwa juu ya sahani nne za mizani.

Mkaguzi alisoma kwa sauti, gurudumu moja baada ya jingine, na upande wa kushoto ukazidi kwa kilo sitini na tatu. Mama akasema huo ndio uzito wake wa mwisho, alikuwa amepungua baada ya homa. Mkaguzi alivua kofia. Alitazama kiti, akamtazama baba mdogo, na kila mtu pale akaelewa ni nani alikuwa ameshika usukani kwenye kona ya daraja, na ni nani alimburura kaka yake maiti kutoka kiti hiki hadi kile. Mume wa fundi cherehani alikuwa ameshapiga hatua moja kumwelekea mama. Spana aliiona hatua hiyo, na moyo ukamruka kwa furaha.

"Nasoma mara ya pili," mkaguzi alisema.

Hapo baba mdogo akalizunguka gari. Alifika upande wa kushoto, akafungua mlango, akainama.

"Kaka," alisema. "Naogopa."

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mkanda wa kushoto ukafunguka. Springi zikalia, rungu la gia likasukumwa pembeni, jinsi linavyosukumwa na goti la mtu anayevuka kutoka kiti hiki kwenda kile, na mto wa kushoto ukainuka taratibu ukarudi ulivyotoka kwa mshonaji. Mto wa kulia ukadidimia. Usukani ukayumba kidogo, ukatulia. Kwenye mizani namba za kushoto zilishuka na za kulia zikapanda, hadi kilo ya sitini na tatu ilipohamia.

Mkaguzi alisubiri springi zitulie, kama kanuni inavyotaka. Akasoma. Akaandika kulia. Akavaa kofia yake.

"Umeona alivyohama," Spana alimwambia. "Wote mmeona."

"Nimeona, binti. Lakini kanuni ni ya pili."

Mama alimgeukia mume wa fundi cherehani. Mtu yule alikuwa amerudisha mguu wake mahali ulipokuwa. Hakuonekana kuwa na furaha. Alisema kwamba na yeye ameona, macho anayo, na kwamba kama ingekuwa ni juu yake mambo yangekuwa mengine.

"Lakini marehemu mwenyewe amekiri, mama," alisema. "Mimi ni nani nimbishie?"

Mama hakulia. Alitazama kiti cha kulia kwa namna ambayo wake huwatazama waume zao mbele ya wageni.

"Alikuwa hivyohivyo akiwa hai," alimwambia Spana. "Huyu mdogo akivunja, kaka mtu anasema ni mimi niliyevunja. Nyumba nzima ikae na njaa, ilimradi mdogo wake asichapwe."

Spana alimchukia baba yake kwa mara ya kwanza maishani, na chuki hiyo ilikuwa kavu, haikuwa na machozi. Alitaka kuchomoa ufunguo na kuutupa kwenye majani. Lakini kule vilimani watu walikuwa wameshajipanga kando ya barabara kutazama, wengine na watoto mabegani, na kwenye kona ya daraja, kama kawaida, ndiko walikojaa zaidi. Gari lilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya zamani, nguvu aliyoitia yeye. Mtu wa kumwambia dereva lini apunguze alihitajika, na kiti cha kushoto sasa kilikuwa wazi.

Akaingia. Kiti kilikuwa bado na joto.

Baba mdogo alifungua mlango wa kulia, akasita, kisha akaketi juu ya magoti ya kaka yake kwa uangalifu, kichwa kikigusa mabomba ya kizimba. Aliomba msaada kwa sababu mkanda haukufika. Spana aliulegeza uwatoshe wawili, akaukaza, akaujaribu kwa kuuvuta, kwa kuwa hajawahi kuacha kazi nusu. Baba mdogo alisema asante, mwanangu. Spana alifungua karatasi za njia.

Bendera ikashuka. Spana akaanza kuita kona, na gari likaondoka kwa kishindo, limelala kulia.