Nam na Dong

Nimefundisha jiografia Kisumu miaka thelathini na mmoja bila kuiona bahari hata siku moja. Niliichora ubaoni kwa chaki ya buluu, basi. Nilichora ghuba, gati na bandari zenye kina, wanafunzi wakanakili. Walinibandika jina la Atlasi, na sitajifanya sikulipenda. Hata baada ya kustaafu na kuhamia Nyamasaria, mtu akitaka kujua mji fulani uko wapi duniani, alielekezwa kwangu.

Ndivyo alivyokuja Apiyo. Nilimfundisha kidato cha pili, msichana aliyekaa nyuma na kuchora meli pembezoni mwa daftari. Sasa ana miaka ishirini na tisa, anaishi Nyalenda, na ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya Rasik karibu na bandari. Kazi yake ni matumbo ya feri na mashua za chuma. Rasik, Mhindi asiyesifu mtu ovyo, aliwahi kuniambia kwamba mshono wa Apiyo haupitishi maji. Lakini Rasik amezeeka, watoto wake hawaitaki kazi hiyo, na karakana ingefungwa mwisho wa mwaka. Baada ya hapo Apiyo angerudi kuchomelea mageti na madirisha, kazi aliyoanza nayo na ambayo haipendi.

Wakala mmoja mjini alikuwa anatafuta mafundi wa kwenda Ulsan, Korea. Usaili ungefanywa kwa video, na waombaji waliambiwa wajue mji wanaokwenda. Apiyo akaja na karatasi ya maswali, nikamfundisha Jumamosi tatu mfululizo.

Nilimweleza kwamba Ulsan uko kusini mashariki mwa Korea, na kwamba mto Taehwa unapita katikati ya mji kabla ya kuingia baharini. Zamani ulikuwa mji wa wavuvi na wawinda nyangumi. Leo watu wake wanaishi kwa meli, magari na mafuta. Nilimweleza sababu: maji ya pwani yana kina, kwa hiyo meli kubwa inakaribia nchi kavu. Chuma kinaingia kwa maji, na meli iliyotengenezwa nacho inatoka kwa maji. Apiyo akauliza kwa nini Kisumu, yenye maji, reli na watu, haikuwa hivyo. Nikamwambia ziwa letu halina mlango wa meli kutokea baharini. Meli ikijengwa hapa itazeekea hapa. Jibu hilo halikumfurahisha.

Jumamosi ya tatu alikuja na fomu. Mwombaji alitakiwa kuchagua wilaya moja ya kazi kati ya mbili: Nam-gu au Dong-gu. Tuliangaliana tukacheka, kama ambavyo Mjaluo yeyote angecheka. Kwetu nam ni ziwa, na ni bahari pia. Ziwa letu la Viktoria ni Nam Lolwe na ghuba yetu ni Winam. Dong' ni kubaki. Anayeondoka humwambia anayebaki nyumbani dong' maber, yaani ubaki salama, na aliyeachwa nyuma tunasema odong'.

"Weka Nam," nilimwambia. "Meli ni mambo ya maji. Nani anasafiri mpaka Korea kwenda kubaki?"

Nilijua vizuri kwamba Kikorea si Kijaluo. Lakini neno lilikaa vizuri mno masikioni, na sikufungua ramani. Mimi, Atlasi, sikufungua ramani. Apiyo akatia alama kwenye Nam na kuipeleka fomu mchana uleule.

Jumatano nilikwenda saiba, duka la kompyuta la Fabian, kuchapisha ramani ya Ulsan ili Apiyo adurusu nayo. Fabian aliikuza kwenye skrini, na pale pale nikaona. Nam ni kusini. Dong ni mashariki. Kusini kuna matangi ya mafuta na viwanda vya kemikali, mabomba tu. Viwanda vya meli viko Dong, vimejipanga ufukweni kabisa. Apiyo hajawahi kuchomelea bomba la kiwanda maishani mwake. Wangempa mtihani wa mabomba, angeanguka, na safari ingeishia hapo.

Niliikunja ramani nikaitia katika mfuko wa shati. Kwenye mlango wa wakala kulikuwa na tangazo kwamba marekebisho yangepokelewa hadi Ijumaa adhuhuri. Nilikuwa nimelisoma. Jumatano nikanyamaza, Alhamisi nikanyamaza, Ijumaa nikasikiliza redio mpaka saa saba mchana. Nilijiambia ni aibu, na aibu ilikuwepo kweli. Lakini ulikuwepo wivu pia, nao ndio uliokuwa mkubwa. Msichana wa dawati la nyuma alikuwa anakwenda kuiona bahari niliyoichora mimi.

Jumamosi, alipokuja, nilimweleza. Hakupaza sauti. Aliitazama ramani muda mrefu, kidole chake kikifuata ufuko wa Dong.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Jumatano."

"Alhamisi nilikuwa off. Nilipita mbele ya hiyo ofisi mara mbili, Japuonj."

Japuonj ni mwalimu. Sijawahi kuliona jina hilo zito kama siku ile. Nilimwomba msamaha, naye akaichukua ramani na kuondoka, chai yake ikiwa haijaguswa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda usailini bila kualikwa. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, ulioachwa wazi kwa sababu ya joto. Kwenye skrini kulikuwa na mhandisi mwanamke, na kando yake kijana mmoja akimtafsiria. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa: kwa nini fundi wa meli amechagua wilaya ya kemikali?

Nilisubiri nitajwe. Angekuwa na haki kabisa ya kusema kwamba alipotoshwa na mwalimu wake.

"Kwa lugha yetu nam ni maji kubwa," Apiyo alisema. "Na dong' ni kuachwa nyuma. Mimi sikutaka kuachwa. Lakini nimesoma ramani, nimeona nilikosea mwenyewe. Mimi kazi yangu ni meli. Mnipeleke Dong."

Kisha akawaeleza kina cha pwani, chuma kinachoingia kwa maji na kutoka kwa maji, neno kwa neno kama nilivyomfundisha. Mkalimani alichukua muda mrefu. Mhandisi akaandika kitu, akauliza unene wa bamba nene kuliko yote aliyowahi kuunga, akaandika tena.

Baada ya wiki tatu majibu yalikuja: amekubaliwa, Dong-gu. Niliyapata kwa Rasik. Apiyo mwenyewe hakupiga simu, na sikumtarajia apige.

Asubuhi ya siku ya kusafiri alifika getini kwangu. Nilimkaribisha ndani, akasema gari la uwanja wa ndege linamsubiri barabarani. Alinirudishia ramani, imekunjwa vizuri. Nikamwambia aichukue, itamsaidia huko. Akasema huko hataihitaji, ataona mwenyewe. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakunitaja siku ile, lakini nikaishia kuipokea ramani.

Akanipa mkono, mgumu kwa kazi.

"Dong' maber, Japuonj," akasema.

Hakuwa ananikejeli. Ndivyo tunavyoagana, na kila mwanafunzi wangu aliyeondoka Kisumu ameniambia vivyo hivyo. Nikajibu inavyojibiwa, dhi maber, nenda salama, nikabaki pale getini na ramani mkononi mpaka gari likapotea.