Tulipogonga Lango la Mama

Niliota usiku wa jana kuwa nimeligonga boma letu la zamani.

Boma lile lilimezwa na Ziwa Baringo miaka kumi na miwili iliyopita, maji yalipopanda. Mama alifariki mwaka huohuo tuliohama. Mimi huvusha abiria kwa boti, na tangu hapo nalizunguka boma kwa mbali. Sipendi kupita juu yake.

Katika ndoto nimechelewa, kwa hiyo nakatiza juu ya boma. Propela inagonga kitu majini: ko, ko, ko. Injini inazimika.

Naiinua. Panga moja la propela limepinda, la pili limemeguka ncha. Nafungua kifuniko. Ni injini ya nguvu za farasi kumi na tano, na farasi wote wamo ndani, wamebanana. Wanatoka mmoja mmoja na kusimama juu ya maji. Wa mwisho anachechemea.

"Pole," namwambia.

"Pole hainyooshi mguu. Sheria inasemaje?"

"Ukigonga, zima, inua, kagua."

"Umenikagua mimi. Nenda ukakague ulichogonga."

Hapo hajakosea. Nakanyaga maji, na maji yanakuwa ua wetu.

Huku chini ni asubuhi. Nguzo ya lango ina alama tatu mbichi za propela. Kambare wametua juu ya mabati, pale walipokuwa wakitua kunguru. Mama anafagia.

"Nani huyo?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, Mama. Parsaloi."

"Miaka yote hii nasikia mngurumo wako tu, unapita kule mbali. Leo umebisha hodi. Karibu."

"Sikubisha, Mama. Niligonga."

"Kwangu ni kitu kimoja."

Nataka kumwambia nimemkumbuka. Badala yake nauliza habari za mbuzi. Anasema wamejifunza kuogelea, lakini usumbufu wao ni uleule.

"Utaimaliza hiyo injini," anasema. "Kwa nini hupiti barabarani?"

"Barabara gani?"

"Hii hapa, ya kwenda dukani. Haijaenda popote. Nani aliwahi kupanda mti au kuchimbia nguzo katikati ya barabara? Ukipita juu yake hutagonga kitu."

Nageuka. Kweli ipo, nyeupe, imenyooka, na nyayo zetu za kwendea shule bado zimo vumbini. Naziona zangu, za mguu ulioingia ndani kidogo.

"Usisimame kama mgeni," Mama anasema. "Epua ile chai, inafurika."

Jikoni kuni za mgunga zinawaka ndani ya maji. Nashika sufuria kwa mikono mitupu, kama yeye alivyokuwa akifanya. Haiunguzi. Nakaa kwenye kigoda, nia yangu ni kutoondoka tena. Juu, farasi wanapiga kwato.

"Nenda, baba. Watu wanangoja kuvuka. Ila ukipita, unisalimie."

Nikaamka. Nasieku, mke wangu, alikuwa ameuleta mkono wangu karibu na dirisha, anauchunguza.

"Parsaloi, umeshika nini? Masizi mpaka kwenye kucha."

"Nimeepua chai."

Alinitazama, kisha akageuka kutazama jikoni. Tangu tuhamie huku juu tunapikia gesi.

Sikunawa. Nilivaa viatu nikaenda ziwani hivyohivyo.