Mwano Uliopigiwa Ngoma

Sitamsingizia mtu. Sauti ile niliiweka mimi kwenye filamu, kwa mikono yangu mwenyewe, na nilipomaliza nikajipongeza kwa chai ya tangawizi.

Mwaka ulikuwa sabini na tano. Mimi Twalibu, mtoto wa mtaa wa Cheyo mjini Tabora, mwana wa fundi cherehani, nilikuwa mrekodi sauti katika kitengo cha sinema ya vijijini. Kitengo chenyewe kilikuwa kikubwa kwa jina tu: Landrova moja, jenereta, shuka jeupe na watu watatu. Bwana Lukumani alikuwa mpiga picha na mkubwa wetu, Modest dereva, na mimi mwenye masikio. Nilijivunia sana masikio hayo. Nilikuwa nikisema, na bado naamini, kwamba mtazamaji huona kile anachoambiwa na masikio yake. Mwoneshe mwanamke aliyepanua mdomo na kuinua mikono. Ukiweka vigelegele, ni harusi. Ukiweka kilio, ni msiba. Na picha ni ile ile.

Bwana Lukumani alikwenda mbali zaidi. Alikuwa amepelekwa nje kusoma miezi mitatu, akarudi na fikra moja aliyoipaka kwenye kila jambo: watazamaji ni debe, kazi yako wewe ni kumimina.

"Mwananchi habishani na sinema, Twalibu," alikuwa akiniambia. "Anakaa, anapokea."

Kamera yetu ilikuwa bubu. Ilishika picha peke yake; sauti niliirekodi mimi kwenye tepu, na siku ya kuonesha niliendesha tepu sambamba na filamu. Ndivyo tulivyofanya kijijini Lusu wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Nilimkuta mama mmoja mbele ya nyumba yake, mgambo wawili wako juu wanafumua nyasi za paa. Akapiga ukelele mrefu, mwembamba, unaokatika mwishoni na kuanza upya. Kinyamwezi changu kiliishia kwenye salamu. Sisi wa mjini tumelelewa kwa Kiswahili na tunajiona tumekamilika. Nilijua tu kwamba ile ni sauti nzuri. Nikamsogezea maikrofoni, ile iliyovalishwa manyoya ya kuzuia upepo, nikapunguza sauti kidogo isije ikakwaruza. Hata shikamoo sikumpa. Na nilijua kwamba yule mama hakuwa na furaha, hilo nalisema wazi.

Tuliporudi Tabora, Bwana Lukumani akataka vigelegele. Nikampa vya harusi moja ya Cheyo.

"Hivi ni vya mjini," akasema. "Watavitambua."

Basi nikachukua tepu ya Lusu. Nikakata maneno yaliyofuata, nikabakiza ukelele, nikautandikia ngoma chini yake. Ngoma ikafanya kazi yake, uchungu wote ukayeyuka. Bwana Lukumani akapiga goti lake kwa kuridhika, akasema nione jinsi wananchi wanavyofurahi, wakati siku ile ya Lusu na yeye alikuwepo. Modest, Mkatoliki wa Usoke aliyezaliwa ndani ya lugha ile, alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuosha Landrova. Nikadhani hana shauku ya sanaa.

Miezi saba baada ya siku ile ya Lusu tukapeleka filamu kwenye kijiji kipya upande wa Nzega, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Bwana Lukumani alikuwa na mkutano, tukaenda wawili. Jua lilipozama tulifunga shuka kati ya miti miwili, Modest akawasha jenereta, na watu kama mia tatu wakakaa chini, watoto mbele. Walicheka trekta lilipokwama. Walitajana majina walipojiona wenyewe wamebeba vyungu, na hata hilo halikunizindua. Nilikuwa nimekaa na tepu yangu, moyo umejaa raha.

Kisha ukaja ukelele.

Kicheko kilikatika mara moja. Wanaume walisimama wote kwa pamoja, wakaondoka kwa haraka kuelekea majumbani, bila kusukumana. Mama mmoja aliyekuwa karibu na spika aliupokea ule ukelele, akaurusha mbele. Mwingine akaupokea. Halafu ukarudi kutoka mbali, upande ambao sikuwa nimeona hata taa moja, na baada ya hapo upande wa pili. Sikujua naogopa nini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Modest alikuja mbio, akanishika mkono. "Zima tepu. Zima."

"Kuna nini?"

"Umepiga mwano, Twalibu. Huo ni wito wa hatari. Wezi wa ng'ombe, simba, mtu anauawa. Anayeusikia anaupokeza kwa mwenzake, anakwenda mbio na silaha. Asiyekwenda anahesabiwa kuwa mmoja wa wezi."

"Mbona hukuniambia kule Tabora?"

"Ungenisikiliza?"

Nikazima tepu, lakini ilikuwa kazi bure. Sauti ilishanitoka mikononi. Ilikuwa porini, inapita mdomo kwa mdomo, na kila kijiji kilichoipata kilikuwa kinakuja kwangu. Kwenye shuka filamu iliendelea bila sauti. Yule mama wa Lusu alikuwa pale, mdomo wazi, mikono juu, na kwa mara ya kwanza nilimwona.

Walirudi na pinde, mikuki na marungu. Wengine walitoka gizani jasho likiwatiririka, wametoka mbali. Wakatuzunguka. Nikaegemea Landrova. Aliyetangulia alikuwa mzee mwembamba, na kwa jinsi walivyompisha nilijua ndiye mkubwa wao. Modest alininong'oneza kwamba anaitwa Masolwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Sikuwa nimewahi kunyimwa marahaba maishani mwangu kabla ya siku ile.

"Nani amelia?" akauliza.

"Ni sinema tu, mzee."

"Sinema haina koo la kulilia. Nimekuuliza nani. Watu wameacha wagonjwa vitandani. Kama mwano huu ni wa uongo, adhabu yake ipo. Ni wa uongo?"

Niliangalia rungu lililokuwa karibu na uso wangu. Nikisema wa uongo, nimekwisha. Nikisema wa kweli, nitauonesha wapi huo msiba?

"Ni wa kweli," nikasema. "Kuna mama nilimrekodi Lusu, miezi saba iliyopita. Walikuwa wanabomoa nyumba yake."

"Ni mimi."

Watu waligeuka. Katika uwanja ule wote mtu mmoja tu hakuwa amenyanyuka. Alikuwa yule mama wa Lusu, amekaa kwenye kigoda chake, macho kwenye shuka. Walikuwa wamemhamishia hapo hapo, na mimi sikuwahi kujiuliza wale watu walipelekwa wapi.

"Ni sauti yako, Pelagia?" Masolwa akauliza.

"Ni yangu. Siku ile kila mtu alikuwa anabomolewa, hakuna aliyeweza kuiacha nyumba yake anijie. Siwalaumu." Akanyanyuka taratibu, akaja mpaka alipokuwa hatua moja kutoka kwangu. "Lakini huyu hakuwa na nyumba Lusu. Alikuwa amesimama hatua moja kama hivi, ameshika kitu chenye manyoya mbele ya mdomo wangu. Hakuna aliyekuwa karibu zaidi." Akaniangalia. "Na ngoma, mwanangu. Siku ile hapakuwa na ngoma. Ilikuwa ya nini?"

Nilisikia aibu na woga kwa pamoja, na woga ulikuwa mkubwa.

Masolwa alishusha mkuki. "Hatutakugusa," akasema. "Ila uliusikia mwano, ukakaa. Siku utakayoita wewe, na sisi tutakaa."

Waliokuwa nyuma yake wakayarudia maneno hayo kwa lugha yao, nayo yakaanza kutembea kama ule ukelele ulivyotembea, kutoka kundi hadi kundi, mpaka gizani.

Tulipakia vyombo upesi upesi na kuondoka. Mwendo wa nusu saa mbele, kwenye korongo kavu, gari lilizama mchangani likaegemea upande mmoja. Modest alishuka kuweka mawe chini ya gurudumu, na jenereta, ambayo mimi ndiye niliyeifunga kwa pupa, ikaserereka kutoka nyuma ikambana mguu. Nilijaribu kuinyanyua, ikanichana kiganja mpaka nyama, wala haikusogea. Modest alikuwa anauma mkono wa shati lake.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mioto minne ya watu, si mbali. Nikaita. Niliita kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote, nikisema tumepata ajali, tunaomba msaada. Niliona mtu akisimama mbele ya moto wake. Akasikiliza. Kisha akakaa.

"Nyamaza," Modest akasema. "Wameshaijua sauti yako."

Akavuta pumzi, akapiga mwano mwenyewe, kwa lugha ya mama yake. Hakuwa amemaliza, na vijinga vya moto vilikuwa vinashuka korongoni mbio. Aliyefika wa kwanza ni yule niliyemwona akikaa. Waliinyanyua jenereta, wakamfunga Modest mguu, wakampa maji kwenye kibuyu, wakakipokezana wote, mimi kikanipita, mpaka maji yakaisha. Kiganja changu kilikuwa kinavuja damu. Hakuna aliyeniuliza.